Gonga Tatu, Jibu Moja

Karakana,
Alhamisi, 14 Agosti

Mwalimu,

Juzi Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, pale kwenye ukingo wa bonde, nilipoteza vitu vitano kwa mpigo mmoja: gari, simu, koti na marafiki wawili. Nimevipanga kwa jinsi nilivyovihitaji siku ile.

Naandika kwa sababu simu yangu mnayo ninyi, iko kwenye chaji kichwani mwa kitanda changu. Hata ningekuwa nayo nisingepiga. Kwenye simu wewe unazungusha maneno mpaka mtu anakata akiwa hajui alichoambiwa. Kwenye karatasi utashikika.

Najua mko ziwani. Mwenye duka la vipuri pale ni mteja wangu wa mageti. Jana alimpigia karani wangu akamwambia kuna mwalimu na mkewe wanaulizia jani la springi la gari lenye jina la karakana yangu ubavuni. Kwa hiyo mmeniacha, na gari mmelivunja. Kwa siku mbili, si haba. Barua hii inakuja na basi la saa nne; kondakta ataiacha dukani kwake.

Sasa nikukumbushe kilichotokea, maana wewe utakisimulia kwa mawingu na ndege.

Gari lile nililinunua likiwa la kubebea mikate. Nikaligeuza nyumba kwa miezi saba, Jumapili kwa Jumapili: vitanda vitatu, jiko, tangi la lita themanini, makabati kumi na moja, na ukuta mmoja wa katikati unaotenga kiti cha dereva na chumba cha nyuma. Ukuta hauna tundu. Niliwaeleza: ndio unaoshika makabati yote, ukiutoboa umeulegeza. Na kwa kuwa dereva hawezi kuona nyuma, nikaweka utaratibu, nikauandika kwa rangi nyekundu juu ya usukani: GONGA TATU, JIBU MOJA. Dereva anagonga ukuta mara tatu kabla ya kuondoka, aliye nyuma anajibu mara moja. Hakuna jibu, hakuna safari. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Siku nne nilikaa nyuma na daftari langu nikipiga hesabu za mafuta, na siku nne ulinichokoza kwa lile jina lako la utani: "Rula, shuka uone dunia! Rula, umekuja kutembea au kukagua?" Jumanne nikashuka. Mlango wa nyuma nikaufunga polepole, maana bawaba zile nilizipaka grisi mwenyewe na sipendi mlango upigwe. Nikasimama kwenye uzio wa vyuma wa ukingoni. Nilikuta nguzo ishirini na mbili, tatu zimechomelewa ovyo, moja ukiiegemea unaenda nayo. Nikageuka kukuambia. Gari langu lilikuwa kwenye kona ya pili, linanipa mgongo.

Nilipiga mluzi. Nilipunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Sikuwasikia mkiwasha injini kwa sababu ya kelele za yale maporomoko ya maji, vinginevyo ningeruka.

Nilingoja saa mbili na dakika arobaini juani bila koti, kisha nikapanda lori la kreti tupu za soda. Dereva wake aliniuliza mara tatu kama nimegombana na mke wangu.

Maswali ni matatu. Nani alikuwa anaendesha? Mligonga? Kama mligonga, nani alijibu?

Fundi


Ziwani,
Jumamosi, 16 Agosti

Ndugu yangu Rula,

Tumeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili mke wangu alitoka nje akaenda kusimama peke yake. Tusamehe. Sina neno jingine la kuanzia.

Ungeliona ziwa hili! Asubuhi milima ya ng'ambo inalala majini kichwa chini, na ukungu unapanda taratibu kama mtu anayeamka bila kutaka. Kila nikitazama nasema, Rula angekuwepo angeuliza kina chake ni mita ngapi. (Nimekuulizia. Ni mita arobaini na sita.)

Kuhusu maswali yako. Aliyekuwa anaendesha ni shemeji yako. Tuligonga, mara tatu, kama ulivyoandika. Na tukasikia jibu: ko! Moja, safi kabisa. Ndipo tukaondoka roho kwatu. Njiani tulisimama mara mbili. Mara ya pili mke wangu alikuletea chai, akaita mlangoni, ukawa kimya. Tukadhani umelala, au bado umenuna kwa yale ya asubuhi, niliposema makabati yako yanafanana na majeneza ya watoto. Ulikuwa mzaha, Rula. Chai akainywa yeye.

Saa saba na nusu tukafika hapa, tukafungua mlango. Kitanda kimetandikwa kwa zile kona zako zilizokunjwa kama za vitanda vya hospitali, daftari limefungwa, na wewe haupo.

Tuligeuza pale pale. Springi ilikatika usiku huohuo tukirudi huku, kwenye ile barabara ya mawe. Jani jipya linatarajiwa wiki ijayo.

Kuna jambo dogo kuhusu ukuta wa katikati. Tutaongea tukionana, wala lisikusumbue.

Wako wa siku zote,
Mwalimu


Karakana,
Jumatatu, 18 Agosti

Mwalimu,

Jambo dogo GANI kuhusu ukuta wa katikati?

Umejaza ukurasa kwa ziwa na ukungu, halafu ukuta wangu ukaupa sentensi mbili chini kabisa, pale ambapo mtu mwenye haraka hafiki. Mimi husoma mpaka kwenye saini. Jibu.

Pili. Kutoka ukingoni mpaka ziwani ni kilomita 143. Mliondoka saa nne na dakika ishirini, mkafika saa saba na nusu. Ni saa tatu na dakika kumi, wastani wa kilomita arobaini na tano kwa saa. Hamkuwa na haraka yoyote. Barabara ile ina kona sitini na moja, nilizihesabu kwenye ramani kabla hatujaondoka nyumbani. Kwenye kona sitini na moja, hakuna hata moja mliyosema, "Hivi Rula yu hai?"

Tatu, na hili ndilo linaloninyima amani. Unasema mlisikia "ko, moja, safi kabisa." Mimi nilikuwa ukingoni nakagua nguzo. Ndani ya chumba hamkuwa na mtu. Basi nani aligonga? Nimekaa na mchoro wa gari mezani tangu jana, nimepitia kila kitu kilichofungwa karibu na ukuta ule. Kabati la sahani lina makomeo mawili. Madumu yana kizuizi. Kilichobaki ni kimoja: mtungi wa gesi. Kama mtungi ndio uliojibu, ina maana mkanda niliouweka mimi umelegea, na tangu Jumanne mnalala na kilo kumi na tano za gesi zinazotembea.

Fanya hivi leo. Ingiza vidole kati ya mkanda na mtungi. Kikiingia kimoja, sawa. Viwili, kaza. Vitatu, toeni mtungi nje na msiwashe hata kiberiti mpaka nije.

Mimi nimefunga mageti elfu moja na mia mbili na kitu maishani mwangu, na hakuna hata moja lililomwangukia mtu. Sitaki wa kwanza kuumizwa na kazi yangu muwe ninyi.

Na shemeji mbona kimya? Aliyekuwa kwenye usukani ni yeye. Tangu lini yeye akasemewa?

Fundi


Ziwani,
Jumatano, 20 Agosti

Shemeji,

Uliniuliza mbona kimya. Mume wangu ameficha barua yako siku nzima ndani ya ramani. Nimeipata, na sasa naandika mimi. Kaa kwanza.

Mtungi uko pale ulipoufunga. Hakiingii hata kidole kimoja. Kazi yako haina kosa, shemeji, nakuambia hilo mwanzo kwa sababu najua ndilo linalokukosesha usingizi.

Hakuna aliyejibu. Mwalimu amekudanganya. Nilijua atakudanganya tangu nilipomwona anaandika huku akitabasamu.

Na ukweli mzima ni huu: hujawahi kujibu. Siku ya kwanza kabisa, pale kituo cha mafuta, niligonga tatu. Kimya. Nikagonga tena, kimya. Nikashuka, nikazunguka, nikafungua mlango nikidhani umeanguka. Umekaa kitandani na daftari, mzima wa afya, ukaninyanyulia uso: "Mbona hamwondoki? Tunachoma muda." Umbali wa mkono kutoka ukutani, shemeji. Mchana ikawa vilevile. Jioni Mwalimu akagonga kwa soli ya kiatu, vilevile. Siku ya pili tukaacha kushuka. Siku ya tatu tukaacha kungoja. Tunagonga ili kutimiza amri iliyoandikwa juu ya usukani, halafu tunaondoka. Kimya chako kikawa ndicho jibu lako. Kwa hiyo Jumanne nilipogonga nikasikia kimya, nilijua upo.

Maporomoko unayoyasingizia yako upande wa pili wa bonde, kilomita tatu. Pale tuliposimama mimi nilisikia nyuki kwenye maua. Niliwasha injini ile, ambayo wewe mwenyewe unasema ina sauti ya kinu, hatua kumi na tano nyuma ya mgongo wako, wewe ukiwa nyuma ya gari, pasipofika vioo vyangu.

Nimefanya unesi miaka ishirini na tisa. Wewe umeshika mashine ya kusaga vyuma miaka thelathini na mbili, na sijawahi kukuona hata siku moja na vizibo vya masikio. Simu hupokei, mtandao mbovu, unasema. Miaka miwili mtandao mbovu? Kwenye meza unakaa kwenye kona, mgongo ukutani, ili midomo yote uione. Niliona zamani. Nilitaka nikuambie, Mwalimu akasema tutafute wakati mzuri, nami nikakubali kwa kuwa ilikuwa rahisi. Kwa nesi hiyo ni aibu, na naibeba.

Ule ukuta tumeutoboa. Mimi ndiye niliyeamua. Ijumaa nilimleta seremala wa hapa akakata dirisha, ili anayeendesha akigeuza kichwa akuone. Kasirika unavyotaka. Mimi gari lile siliwashi tena bila kuona kichwa chako.

Shemeji yako


Karakana,
Alhamisi, 21 Agosti

Shemeji,

Barua nimeipata.

Masikio yangu ni mazima. Mtu anayepiga hesabu hasikilizi ngoma za ukutani, ndiyo yote. Ugonjwa mlionitafutia ni mzuri: mmemwacha mtu barabarani, na mgonjwa kawa yeye.

Springi ikifungwa, leteni gari. Funguo mziache kwa karani, sina haja ya kuonana. Siku tano na kilomita 612 zilizobaki mtazimaliza kwa basi, ambako kuna madirisha mengi.

Huyo seremala alikata kwa msumeno gani?

Fundi


Ziwani,
Jumamosi, 23 Agosti

Rula,

Safari hii sina ziwa. Niliandika ukurasa mzima wa ziwa nikauchana.

Nilidanganya kuhusu ile "ko". Kuna sababu ya kipumbavu nitakueleza: kwenye barua niliona afadhali kosa liwe la mtungi, au la mlango, au langu, kuliko liwe la kitu ambacho huwezi kukikaza kwa spana. Sikujua utakesha na mchoro. Nilipaswa kujua, maana nakujua tangu darasa la tatu, na bado sikujua.

Jambo ambalo hatukukuandikia ni la Jumanne jioni. Tulifika ukingoni saa kumi na dakika arobaini. Hukuwepo. Ile nguzo mbovu, ile ambayo ukiiegemea unaenda nayo, ilikuwa imelalia upande wa bondeni. Pengine ilikuwa hivyo tangu asubuhi, mimi sikagui nguzo. Nililala kifudifudi nikaita bondeni. Niliita mpaka sauti ikakatika. Mke wangu akanishika bega, akaniambia, "Baba, unamwita kwa nini? Hata kama yuko huko, hakusikii." Ndipo nilipokaa chini. Tulijua wote wawili, na hatukuwa tumekuambia wewe. Mwuza mahindi mmoja wa kona ya juu ndiye aliyetuambia alikuona unapanda lori, unabishana na dereva.

Springi imefungwa jana. Simu yako na koti viko ndani ya kifurushi hiki. Simu ililia mara kumi na nne humu ndani. Mlio umeuweka juu mpaka wavuvi waligeuka.

Gari tutalileta ukisema tulilete. Hatutaondoka hapa mpaka useme.

Mwalimu


Karakana,
Jumatatu, 25 Agosti

Mwalimu, na shemeji, msome pamoja. Mtu asifiche barua kwenye ramani.

Koti nimelipata. Kifungo cha pili kimekatika, lakini hilo ni la siku nyingine.

Leo asubuhi kabla mafundi hawajaingia nilifunga mlango wa stoo nikakaa ndani na karatasi. Nikamwambia karani asimame nje na agonge, tatu tatu, kwa kadiri apendavyo, na kila akigonga aweke alama na dakika kwenye karatasi yake. Nami nikisikia naweka kwenye yangu. Nilitaka kuwatumia karatasi zote mbili muone mlivyo waongo.

Ya kwake ina alama ishirini. Ya kwangu ina saba. Na kati ya saba zangu, mbili ni za wakati ambao yeye anasema hakugonga kabisa.

Nikarudia na mlango mwingine, wa mbao. Ishirini kwa sita.

Nikatoka nikamwuliza, "Wewe ulijua?" Mama yule ana miaka kumi na mmoja ofisini kwangu. Alitazama chini, kisha akaniambia, "Bosi, unadhani kwa nini mteja akija taa ya ofisi inazima na kuwaka?" Nilidhani swichi mbovu. Nimeibadilisha swichi ile mara mbili. Nimewatukana watengeneza swichi kwa majina yote. Kumbe ni karani anayeniita!

Nikamwuliza, na mafundi? "Nao." Na mteja wa mageti wa ziwani? "Yule ndiye aliyeniuliza mwaka juzi kama umepata daktari."

Basi hesabu yangu ni hii. Karani, mafundi wanne, mwenye duka, wewe, na shemeji. Watu wanane. Wanane wamejua jambo linalonihusu mimi, na wa tisa kulijua ndiye mwenye masikio. Mmenizunguka kama watu wanaozunguka shimo barabarani: kila mmoja anakata kona kwa ustadi, hakuna anayelifukia. Mimi mngekuwa na bawaba imelegea ningewaambia kabla hamjaketi. Mwalimu, nilikuambia kuhusu meno yako. Shemeji, nilikuambia kuhusu yule mpangaji wako, ukaninunia miezi mitatu, na sikujutia hata siku moja.

Kilichonikera si kuachwa. Lori lilikuwa zuri. Kilichonikera ni zile siku nne kabla ya kuachwa, mimi nyuma nikipiga hesabu za mafuta kwa faida ya watu watatu, ninyi mbele mkitazamana kila mkigonga.

Tuje kwenye ukuta. Mwenye duka amempa karani vipimo vya seremala wenu: sentimita ishirini kwa kumi na tano. Seremala anayepima kwa sentimita hapimi, anapapasa. Tundu lisilo na fremu kwenye ukuta ule litapasuka kuanzia pembeni ndani ya kilomita mia tatu, na makabati yatafuata. Chukua tepu yangu, droo ya tatu kushoto. Pima urefu pande zote mbili, upana juu na chini, na kona hadi kona mara mbili, zote kwa milimita. Namba zije sita. Nitaunda fremu ya chuma na kioo kisichovunjika, na juu yake taa ndogo yenye swichi kwenye usukani. Dereva akitaka kuondoka anawasha mara tatu, mimi nazima mara moja. Yale maandishi mekundu nitayafuta mwenyewe. Mtu asiyaguse.

Shemeji, daktari wa masikio nimepangiwa tarehe 9 mwezi ujao. Karani ndiye aliyepiga simu, mimi nilikuwa nimesimama pale najifanya natafuta spana.

Lakini kabla sijakata chuma, nataka kujibiwa swali moja, na mjibu kila mmoja kwa mwandiko wake: kama lile gari lisingeniacha pale ukingoni, mngeniambia lini?

Nataka tarehe. "Tulikuwa tunatafuta wakati mzuri" si tarehe. "Hivi karibuni" si tarehe. Kama ni "kamwe", andikeni kamwe, nitaliheshimu zaidi kuliko mengine.

Jibu na namba sita vinifikie kwa basi la Alhamisi, 28 Agosti, saa nne asubuhi. Nitakuwa nimesimama kituoni mwenyewe, upande wa mlango wa dereva, pale ninapoona midomo. Vikija, fremu itakuwa tayari Ijumaa jioni na Jumamosi mtaniona hapo na begi langu, tumalize kilomita 612. Basi likija mikono mitupu, chuma hicho nina geti la kukitilia.

Alhamisi, saa nne. Mngeniambia lini?

Rula